Bibi Cook na Wakunga wa Mengo

Hapa Sibwesa, mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, anayetafutwa kwanza ni mkunga. Kwa hiyo tumeona inafaa tumkumbuke Bibi Katharine Cook.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1863, akasomea uuguzi. Mwaka 1897 alifika Mengo, Uganda, pamoja na wamisionari waliosafiri kwa miguu kutoka pwani. Miongoni mwao alikuwamo Daktari Albert Cook, ambaye walioana mwaka 1900.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kaswende ilikuwa imeenea na watoto wachanga wakifa kwa wingi. Ndipo Bibi Cook alipoanza kuwafundisha ukunga wasichana wa Kiafrika, katika shule iliyopewa jina la mke wa Gavana Coryndon. Waliohitimu walipelekwa kwenye vituo vya uzazi vijijini. Kazi hiyo tunaisifu bila kusita, ingawa aliyeifanya alitoka upande wa watawala.

Lakini utawala ule ule uliowakabidhi wasichana hao roho mbili kwa mara moja haukuwafungulia mlango wa udaktari. Makerere ilianza mwaka 1922 kwa wavulana tu. Wasichana walipokelewa mwaka 1945, Bibi Cook akiwa amekwisha kufariki mwaka 1938. Josephine Nambooze, mwanamke wa kwanza kuhitimu udaktari chuoni hapo, alipatikana mwaka 1959. Hadi wakati huo mkunga aliyekutwa na uzazi mgumu alimwita daktari, naye daktari mara nyingi alikuwa mwanamume, tena yu mbali.