Mama Aliyegawa Jioni Zake

Wengi wetu tumemsikia Susanna Wesley kwenye Jumapili ya akina mama. Ni yule anayesimuliwa kwamba alikuwa akijifunika aproni kichwani ili watoto wajue mama yuko kwenye maombi. Hadithi hiyo naipenda, hata nimeihubiri. Lakini wiki hii nimesoma maisha yake polepole, na kilichonishika si aproni. Ni ratiba yake. Pengine ni kwa sababu nilisomea biashara.

Alizaliwa London mwaka 1669, binti wa mchungaji, mtoto wa mwisho katika familia ya watoto 25. Akiwa na miaka 19 aliolewa na Samuel Wesley, ambaye baadaye alikuwa kasisi wa Kianglikana kule Epworth, mashambani mwa Uingereza. Walizaa watoto 19. Tisa walikufa wakiwa wachanga. Mzazi mwenzangu, hebu soma hiyo tena.

Na nyumba yenyewe haikuwa ya raha. Samuel alikuwa msomi lakini pesa zilimshinda, na mwaka 1705 alifungwa jela kwa sababu ya deni. Kabla ya hapo walikuwa wamegombana juu ya siasa, naam, siasa! Mume alimwombea Mfalme William, mke akakataa kuitikia Amina kwa sababu kwake huyo hakuwa mfalme halali. Samuel akaondoka nyumbani miezi kadhaa. Waliporudiana ndipo akazaliwa John, mwaka 1703. Halafu Februari 1709 nyumba ikaungua usiku. John, miaka mitano, alisahaulika ghorofani, akatolewa dirishani na mtu aliyesimama mabegani mwa mwenzake. Muda mfupi baadaye paa likaanguka.

Katika nyumba hiyo ndimo Susanna alimofundisha, kwa takriban miaka 20. Mtoto akitimiza miaka mitano, siku inayofuata anaanza shule: saa tatu asubuhi hadi saa sita, halafu saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Siku ya kwanza ni ya kujua herufi zote. Wasichana wawili walichukua siku moja na nusu na mama akadhani ni wazito wa kuelewa, mpaka alipoona watoto wa watu wengine wanavyochukua muda mrefu. Wakishajua herufi, kitabu cha kwanza ni Mwanzo, sura ya kwanza. Na alikuwa na sheria moja: msichana hafundishwi kushona kabla hajajua kusoma vizuri.

Alikuwa mkali, hilo nisifiche. Aliamini mapenzi ya mtoto lazima yavunjwe mapema, na watoto wa mwaka mmoja walijifunza kuogopa fimbo na kulia kwa sauti ya chini. Hapo mimi simfuati.

Baada ya ule moto, watoto walisambazwa kwa watu mpaka nyumba ijengwe upya. Waliporudi walikuwa na nyimbo za ovyo na tabia za kuokota. Akaanza upya. Na si darasani tu. Alitenga jioni za wiki, kila mtoto na yake, wakae peke yao wawili na kuongea mambo ya roho. Jumatatu Molly, Jumanne Hetty, Jumatano Nancy, Alhamisi John, Ijumaa Patty, Jumamosi Charles, na Jumapili Emily na Sukey.

Miaka mingi baadaye John, mtu mzima anayefundisha chuoni Oxford, alimwandikia mama yake akimwomba ule muda wa Alhamisi autumie tena kwa ajili yake.

Barua hiyo ilinikalisha chini. Alhamisi yangu mimi ni kamati ya ujenzi. Juzi binti yangu aliniuliza kama anaweza kuandikwa miadi ofisini, vile washirika huandikwa. Hakuwa anatania. Sasa Jumanne jioni ni yake, na Jumanne iliyopita nilichelewa dakika arobaini.

Majira ya baridi ya 1711 kuingia 1712, Samuel akiwa London, Susanna alianza kuwasomea wanawe mahubiri Jumapili jioni. Watumishi wa nyumbani wakakaa kusikiliza, majirani wakaja, mpaka wakafika kama 200. Kasisi msaidizi akalalamika (wasaidizi wenzangu, tujihadhari). Mume akaandika kwamba aache. Susanna akamjibu kwamba kama anataka hivyo basi atoe amri kamili, naye atajibu mbele za Mungu kwa roho zitakazopotea. Ibada ziliendelea.

Ratiba nzuri namna hiyo haikumlinda kila mtoto. Hetty, yule wa Jumanne, alisoma Agano Jipya kwa Kigiriki akiwa na miaka minane. Alipokua alitoroka na mwanamume aliyemdanganya, akarudi nyumbani akiwa mjamzito, akaozwa haraka kwa fundi wa mabomba. Baba akakataa kumsamehe. John akathubutu kumtetea dada yake hata mimbarini, na baba akakasirika.

Samuel alifariki mwaka 1735, akiacha madeni. Susanna akaishi kwa watoto wake, huku na huko, na mwisho London kwa John, katika jengo lililokuwa kiwanda cha mizinga kisha likafanywa nyumba ya ibada. Hata hapo aliendelea kufundisha. John alipotaka kumzuia kijana mmoja, Thomas Maxfield, asihubiri kwa kuwa hakuwa amewekwa wakfu, mama alimwambia akamsikilize kwanza. John akamsikiliza, akanyamaza.

Julai 1742 alikuwa kitandani. Aliwaomba watoto kwamba akishaachiliwa, waimbe zaburi ya sifa. John na dada zake wakasimama kuzunguka kitanda, wakaimba.