Vasco da Gama na Mafungu ya Tongoni

Wasomaji wetu wengi walijifunza shuleni habari za Vasco da Gama, Mreno wa Sines, aliyefungua njia ya bahari ya kwenda Bara Hindi. Lakini ni wachache walioambiwa jinsi msafara wake ulivyokwama kwetu, karibu na Tongoni, kusini ya Tanga, mji ulioitwa zamani Mtangata.

Aliondoka Lisbon mwezi wa Julai 1497, akaizunguka Afrika. Mwezi wa Aprili 1498, kabla ya kupambazuka, jahazi lake moja, São Rafael, lililopewa jina la Malaika Mkuu Rafaeli, msimamizi wa wasafiri, lilipanda fungu. Maji yalipokupwa likabaki pakavu. Wenyeji wakaja na vyombo vyao, wakileta machungwa. Maji yalipojaa, likaelea tena. Wareno wakayapa mafungu yale, pamoja na milima ionekanayo upande wa bara, jina la jahazi lao.

Basi watu wa pwani wana maneno yao, na kila neno ni onyo. Fungu ni mchanga ulioinuka baharini, ambao chombo huweza kukwama juu yake na kunasuka. Mwamba ni jiwe, nalo hupasua. Tumbawe ni jiwe lililojengwa na viumbe wadogo wa baharini, kizazi juu ya kizazi. Tumbawe hilo hilo ndilo lililojenga msikiti na makaburi ya Tongoni, ambayo magofu yake yasimama hata leo. Likitolewa baharini bichi huwa laini, lafaa kuchongwa. Lile gumu huchimbwa nchi kavu, palipokuwa chini ya bahari zamani za kale. Nalo likichomwa huwa chokaa.

Januari 1499 da Gama alirudi kutoka Bara Hindi. Mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, asipate watu wa kutosha vyombo vyote. Hapo penye mafungu akaitia moto São Rafael.

Mwaka 1502 alikuja tena, sasa kwa nguvu ya mizinga. Aliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, na huko pwani ya Bara Hindi akachoma merikebu ya mahujaji waliotoka Makka, pamoja na wanawake na watoto. Hatulifichi jambo hilo kwa sababu alikuwa Mkristo. Ndiyo sababu hasa ya kulitaja. Alifariki Cochin, mkesha wa Noeli, 1524.

Milima ile leo yaitwa Usambara, kwa jina la wenyewe. Aliyekuja na mizinga hakuweza kuibandika jina. Nasi twawasihi wazazi: wafundisheni watoto wenu maneno fungu, mwamba na tumbawe, wayajue kwa kuviona vitu vyenyewe. Mtoto ayajuaye amekwisha kuanza elimu ya miamba kabla hajafungua kitabu. Na neno likisahauliwa, onyo lililokuwa ndani yake hupotea nalo.