Sayyid Said bin Sultan na Mbao za Jeneza

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu Muislamu, katika majumba yetu mengi mtu akitaja mauti yake huambiwa asijichulie. Wazee hunyamaza, watoto hukua hawajui la kufanya, na siku ya msiba ikifika watu hubaki wakitazamana. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kuwakumbusha wasomaji wetu, khasa familia zinazoishi ugenini, jinsi Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alivyojiandaa kwa safari isiyo na marejeo.

Sayyid Said alishika utawala mwaka 1806 angali kijana, akadumu nao kwa muda wa nusu karne. Alipigana vita vingi na kujeruhiwa. Mwaka 1850, miaka sita kabla ya kufa kwake, aliandika wasia. Humo aliamuru kwamba watumwa wa milki yake waachwe huru atakapofariki, kwa kutaraji rehema za Mola wake, isipokuwa wale wa mashambani. Na ukweli lazima usemwe: hao wa mashambani walikuwa maelfu, nao walibaki utumwani.

Mwezi wa Aprili 1854 aliondoka Unguja kwenda Muscat. Kabla ya mwaka kwisha, mwanawe Sayyid Khalid, aliyemwacha Unguja kuwa naibu wake, alifariki dunia. Mahali pake akawekwa nduguye, Sayyid Majid. Mauti yalikwishabisha hodi nyumbani kwake.

Alipofunga safari ya kurudi mwezi wa Septemba 1856, alipanda merikebu yake Victoria, iliyoitwa kwa jina la Malkia wa Uingereza. Aliamrisha zipakiwe mbao za kutengenezea jeneza, akausia kwamba atakayefariki njiani asizamishwe baharini, bali achukuliwe mpaka Unguja. Amri ya namna hiyo haitolewi na mtu anayeyakimbia mauti. Merikebu ilipokaribia Visiwa vya Shelisheli, jeraha lake la zamani la pajani lilimsumbua, naye akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Tarehe 19 Oktoba 1856 alifariki dunia, na mbao zile zikafanya kazi yake. Alizikwa Makusurani, mjini Unguja. Baadaye lilianzwa jengo la kaburi lake, lakini halikukamilishwa, kwa kuwa wanavyuoni wa madhehebu yetu hawaridhii makaburi kujengewa.

Hata hivyo, lilibaki jambo moja ambalo halikuwekwa wazi, nalo ni nani atakayerithi utawala wote. Mwanawe Sayyid Barghash, aliyekuwa naye safarini, alimzika usiku kwa siri na kujaribu kuushika utawala, asifaulu. Sayyid Majid akabaki na Unguja, na Sayyid Thuwaini akabaki na Muscat, wakazozana mpaka Lord Canning, mtawala wa Kiingereza nchini India, alipotoa hukumu mwaka 1861 iliyoitenga Zanzibar na Oman. Basi tazama, ndugu yangu: lililotayarishwa lilikwenda kwa utulivu, na lililoachwa bila ya kubainishwa liliwagawa ndugu wa baba mmoja.

Malkia ambaye jina lake lilibebwa na merikebu ile alifika Aston, mjini Birmingham, mwaka 1858, kulifungua jumba la Aston Hall kwa watu wote. Leo wamo Waislamu wenye asili ya Unguja na Oman wanaoishi katika mji huo, nao wanahitaji mbao zao. Mbao zao ni wasia. Sheria ya Uingereza hutaka wasia uwe wa maandishi, utiwe saini mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja, nao wasiwe miongoni mwa wanaopewa kitu ndani yake. Anayekufa bila ya wasia, mali yake hugawanywa kwa utaratibu wa serikali, si kwa faraidhi. Na sisi Ibadhi tuna wajibu zaidi: kuwausia jamaa wa karibu wasiorithi. Vilevile kifo huandikishwa kwa msajili katika muda wa siku tano, basi aliye hai na ajue karatasi zake ziko wapi.

Kaeni na watoto wenu jioni moja. Waambieni mnadaiwa nini na mnamdai nani, nani atakuosheni, na wapi mnataka kuzikwa. Hamtauharakisha muda wenu hata kwa saa moja, wala kunyamaza hakutauchelewesha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe khatima njema, sisi na wazee wetu waliotutangulia. Amin.