Althea Gibson: Bingwa wa dunia asiye na malipo

Althea Gibson alizaliwa mwaka 1927 South Carolina, Marekani, katika familia ya wakulima wa pamba, akakulia Harlem, New York. Mwaka 1956 alinyakua ubingwa wa Ufaransa, akawa mtu mweusi wa kwanza kutwaa taji kuu la tenisi. Mwaka 1957 alikabidhiwa tuzo ya Wimbledon na Malkia Elizabeth wa Pili, na mwaka 1958 akautetea ubingwa huo.

Hata hivyo, enzi hizo za michezo ya ridhaa mabingwa hawakupewa fedha. Gibson aliimba na kucheza gofu ili ajikimu. Katika miaka ya 1990 alikosa hata fedha za kodi na dawa, hadi Angela Buxton, mwenzake wa zamani uwanjani, alipomchangishia. Alifariki dunia mwaka 2003. Sanamu yake ilizinduliwa New York mwaka 2019.