Askofu aliyejenga Mkunazini

Binti yangu anakaa Neasden, London, karibu na lile hekalu jeupe la Wahindu lililofunguliwa mwaka 1995. Mawe yalitoka Bulgaria na Italia, yakachongwa India, ndipo yakaletwa kupangwa hapa. Tulipopita juzi mjukuu wangu akaniuliza kama kwetu Unguja kuna jengo la ibada lenye kisa kama hiki. Nikamwambia lipo, kanisa la Mkunazini, na aliyelijenga alizaliwa London hii hii.

Edward Steere alizaliwa 1828, akasomea sheria kabla ya upadri. Unguja alifika 1864. Mimi nilimjua kwanza kwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha 1870, maana nimesoma sekondari ya misheni na baadaye nikasomesha lugha. Alikaa na watu wa mji, akawasikiliza, akaandika ngano zao.

Mwaka 1873 Sayyid Barghash alikubali mkataba wa kufunga soko la watumwa. Wamisionari wakapata uwanja ule, sehemu yake ikiwa zawadi ya mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Krismasi ile ile likawekwa jiwe la msingi. Steere akafanywa askofu 1874, na kazi ya ujenzi akaisimamia mwenyewe.

Matao yake utaona yana Uzungu na Uarabu pamoja. Lakini tazama juu! Hakuezeka kwa boriti. Alichanganya saruji na matumbawe yaliyopondwa, paa likapinda kama nusu ya pipa kutoka ukuta hadi ukuta. Watu walisema litawaangukia. Lipo mpaka leo. Kuna na nguzo fupi ambazo, husimuliwa, mafundi walizisimamisha kichwa chini siku hayupo. Aliporudi akaziacha vile vile.

Kazi ilikamilika 1879. Alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare. Altare yenyewe, wanasema wenyeji, iko pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa.

Hapo mjukuu akauliza soko lilikuwa la nani. Nilinyamaza kidogo, wallahi. Kisha nikamwambia kweli: wauzaji walikuwamo watu wetu, Waarabu na Waswahili, na wanunuzi pia. Akatembea kimya mpaka kituo cha basi. Tulipokaa akaniuliza tutakwenda lini kulitazama.