Mtoto Aliyejifunza Kuandika Mchangani: Maisha ya Tom Mboya

 

Ndugu zetu wazazi na walezi mlioko Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani na mitaa yote ya jirani, makala haya tumeyaandika khasa kwa ajili ya watoto wenu walio baina ya miaka kumi na miaka kumi na minne. Wasomeeni, au wapeni wayasome wenyewe. Umri huo ni kizingiti kizito. Mwili hukua pasina kuombwa rukhusa, sauti hupasuka mbele za watu, na mtoto ambaye jana alikuwa akicheza bila ya kujali nani anamtazama, leo huanza kujitazama kwa macho ya wenziwe. Akichekwa na mmoja, huona amechekwa na mji mzima. Akipitwa na rafiki yake katika masomo, huona amepitwa milele. Na kubwa kuliko yote, huingiwa na khofu moyoni kuwa yeye si mtu wa kuhesabiwa.

Yuko kijana mmoja katika darasa letu, umri wake miaka kumi na mitatu, baba yake huuza nguo za mitumba Gikomba. Rafiki zake wawili walipokwenda shule za bweni, yeye alibaki kwa kukosa ada. Tangu siku hiyo akaacha kuja darasani, na akawa hata salamu huiitikia kwa shida. Nilipomwendea barazani kwao na kumwuliza kisa chake, alinijibu kuwa haoni faida ya kusoma mtu ambaye njia yake imekwisha. Sikumlaumu wala sikumwaidhi sana. Nilimsimulia maisha ya mtu aliyewahi kukaa si mbali na pale tulipoketi, na masimulizi hayo ndiyo ninayoyaandika hapa.

Mtu huyo ni Thomas Joseph Mboya, ambaye kila mtu humwita Tom Mboya. Hakuwa Mwislamu, alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Katoliki, na huenda msomaji akauliza kwa nini tumemchagua yeye. Jawabu letu ni kuwa mwenye kiu haulizi kisima ni cha nani kabla ya kunywa, maadamu maji ni safi. Na tena huyu alikuwa jirani, akiishi katika nyumba za Ziwani, na njia alizozipita ndizo wanazozipita watoto wetu kila asubuhi.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake, Leonard Ndiege na Marcella Onyango, walikuwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Nyanza. Baba yake alikuja shambani kama mkata mkonge, na baada ya muda akafanywa nyapara. Basi mtoto alizaliwa mbali na kwao, katika kambi ya vibarua wa makabila mbalimbali, katika nchi ya watu wengine. Jambo ambalo lingeweza kuwa unyonge kwake likawa akiba, kwani alikua akisikia lugha nyingi, na baadaye aliweza kuzungumza na Mkamba kwa Kikamba, na Mkikuyu kwa Kikikuyu, na wote kwa Kiswahili.

Alipofikia umri wa miaka tisa, baba yake alimpeleka shule ya misheni huko Kabaa, katika Ukambani. Shule hiyo ilikuwa fakiri. Hapakuwa na vibao vya kuandikia wala karatasi za kuwatosha watoto. Walikaa chini ya mti, wakalainisha mchanga kwa viganja, wakaandika herufi kwa ncha ya kidole. Mwalimu alipita akitazama kazi ya kila mmoja pale pale ardhini, kisha mtoto akaifuta na kuanza nyingine. Enyi watoto, lizingatieni jambo hili. Kazi iliyoandikwa mchangani haina kitu cha kuwaonyesha wageni. Upepo ukivuma imekwenda. Lakini kilichoingia kichwani hakikufutika, na kidole kile kilichokuwa kikichora herufi katika vumbi kilikuja kutia saini mambo ya dola.

Kutoka hapo alihamia shule ya Yala, katika Nyanza, mwaka 1942, na mwaka 1946 akaingia shule ya juu ya Mangu, iliyokuwa moja katika shule chache sana za namna hiyo kwa Waafrika zama hizo. Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, na mbele yake aliona njia ndefu iliyonyooka. Lakini baada ya miaka miwili njia hiyo ilikatika. Alishinda mtihani wake mwaka 1947, ila mshahara wa nyapara wa shamba la mkonge haukutosha kumlipia mtoto mmoja masomo ya juu huku nduguze wadogo nao wakingoja zamu yao. Wenziwe walibaki madarasani, yeye akafunga mzigo wake.

Hapa ndipo nilipomwona yule kijana wetu akiinua uso.

Aliyofanya Mboya ni haya. Hakukaa kuilaani bahati yake, wala hakumlaumu baba yake ambaye alikuwa amekwisha toa alichokuwa nacho. Alitafuta masomo ambayo mwanafunzi wake hulipwa posho badala ya kulipa ada. Mwaka 1948 akaingia chuo cha Jeanes, huko Kabete, kujifunza kazi ya bwana afya: kukagua nyumba na vyoo, masoko na mikahawa, nyama na maziwa. Si kazi ambayo kijana huiota usiku. Wengi wangaliona haya kuitaja mbele ya rafiki zao. Yeye aliisoma kama kwamba hapana kazi nyingine duniani, na huko chuoni wenziwe walimchagua kuwa kiongozi wao. Mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Katika mwaka huo lilimtokea jambo ambalo yeye mwenyewe alilisimulia baadaye, na watu wakalihifadhi. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa, amevaa nguo zake za kazi. Akaingia bibi mmoja wa Kizungu na chupa ya maziwa mkononi. Bibi yule akatazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama na Mboya aliyesimama mbele yake, kisha akauliza iwapo hapana mtu humo ndani. Macho yalimwona, lakini moyo haukumhesabu kuwa ni mtu. Mboya hakutoa matusi wala hakuinua mkono. Alimwuliza kwa utulivu kama macho yake yana ila yo yote. Bibi akatoka kwa hasira kwenda kumshitaki.

Enyi vijana, kuna mafundisho mawili katika kisa hiki. La kwanza ni kuwa alijibu. Unyenyekevu haumtaki mtu akubali kuwa yeye ni hewa. La pili ni kuwa baada ya kujibu alirudi katika kazi yake, wala hakuifanya hasira kuwa ndiyo kazi. Yule bibi alikuwa mmoja, bali nyuma yake kulikuwa na kanuni nzima iliyompa bwana afya Mwafrika mshahara mdogo kuliko wa mwenziwe Mzungu kwa kazi ile ile. Mboya alifahamu kuwa kanuni haivunjwi kwa kugombana na mwenye chupa ya maziwa. Basi akaingia katika chama cha watumishi Waafrika wa Baraza la Jiji, akawa mkuu wake, akakikuza mpaka kikawa chama khasa cha wafanyakazi. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya.

Zama hizo zilikuwa zama za taabu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na mwezi Aprili 1954 askari walizizingira nyumba za Eastlands, wakawachukua maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawapeleka vizuizini. Vyama vya siasa vya Waafrika vilifungwa, na sauti karibu pekee iliyobaki ya kuweza kusema kwa niaba ya wanyonge ilikuwa ya vyama vya wafanyakazi. Sauti hiyo ilikuwa mikononi mwa kijana ambaye masomo yake yalikatika kwa kukosa ada.

Sisi watu wa pwani tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Mwezi Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma kwa maelfu kwa sababu ya udogo wa mshahara. Mboya alishuka Mombasa hali hajatimiza miaka ishirini na mitano. Aliwanasihi watu warudi kazini huku madai yao yakipelekwa mbele ya wasuluhishi, kisha akasimama yeye kuyatetea kwa hesabu na hoja. Mwisho wake mishahara ikaongezwa. Waliofaidika walikuwa wa kila kabila na kila dini, na wengi wao walikuwa Waislamu. Mwaka huo huo alikwenda Uingereza akasoma muda wa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford. Mlango uliofungwa Mangu ukafunguka mahali ambapo hakupata kuufikiria, na uliofunguka ulikuwa mpana zaidi.

Machi 1957 alichaguliwa mjumbe wa Waafrika wa Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Disemba 1958 alikuwa mwenyekiti wa mkutano mkuu wa watu wa Afrika uliofanyika Accra, naye ana miaka ishirini na minane. Na hapa karibu yetu, katika Digo Road, bado liko jumba la Solidarity la wafanyakazi, lililojengwa kwa msaada alioutafuta kwa wenzi wao wa Marekani. Mtoto wa Majengo hulipita kila siku bila ya kujua khabari yake.

Lakini kama ningeambiwa nichague amali yake moja tu ya kuwasimulia watoto, ningechagua hii. Mtu aliyenyimwa kitu akiwa mdogo, akikipata ukubwani huwa ni mmoja katika wawili. Ama hukishika kwa mikono miwili asimpe mtu, ama hukumbuka uchungu wake akawafungulia wengine. Mboya aliwafungulia wengine. Alikwenda Marekani, akazungumza na wenye mali, wenye vyuo na wachezaji mashuhuri, akawaomba nafasi za masomo na nauli. Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege moja kwenda huko kusoma. Mwaka 1960 jamaa ya Kennedy ilisaidia kwa mali, na mpaka mwaka 1963 vijana karibu ya 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepata njia hiyo. Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 ni Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipewa nishani ya amani ya Nobel. Yule ambaye baba yake hakuweza kumlipia ada alizitafuta ada za watoto wa watu asiowajua.

Baada ya hapo alikuwa waziri wa kazi, kisha wa sheria, kisha wa mipango ya uchumi. Hatusemi kuwa alikuwa malaika. Alikuwa na mahasimu wengi, na wako waliomwona mwenye kujiona. Lakini mtu hupimwa kwa jumla ya amali zake, na hukumu ya mwisho ni ya Mola wake. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, alipokuwa akitoka duka la dawa katika Government Road, ambayo leo yaitwa Moi Avenue, alipigwa risasi akafa. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini na tisa. Alizikwa Rusinga, kisiwa cha wazee wake. Nairobi jina lake liko katika barabara ambayo watoto wetu huipita wakienda na kurudi mjini.

Basi enyi watoto wetu, umri mlio nao utapita, na haya mnayoyaonea haya leo mtakuja kuyacheka. Mwili unaokua usikutishe, Mola wako ndiye anayeukuza. Wala usione kuwa hatima yako imekwisha andikwa na ada iliyokosekana au na jicho la mtu asiyekuhesabu. Tazama kazi ndogo iliyo mbele yako, uifanye kama kwamba ndiyo kubwa. Mwenye kalamu aandike kwa kalamu. Asiye nayo, mchanga upo.

Na enyi wazazi, mtoto wa umri huu akinyamaza, msidhani amekuwa na adabu. Huenda ana jambo zito moyoni na hana wa kumwambia. Mketini naye kabla hajaketi na watu wa barazani msiowajua.

Yule kijana wetu hakuniahidi kitu siku ile. Aliniuliza tu nyumba ya Mboya ilikuwa upande gani wa Ziwani. Jumatatu iliyofuata, baada ya sala ya Magharibi, nilimkuta amekaa mstari wa nyuma, na juzuu yake imefunguliwa. Ada bado haijapatikana, na sisi jamaa wa darasa tunaichangisha. Mwenye wasaa na atutafute. Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu katika kheri, awape ilimu yenye manufaa, na awajaalie kuwa milango kwa wengine. Amin.