Mardana, Mwislamu fukara aliyeipa dini ya Sikh muziki wake

KATIKA vijiji vya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, sherehe haikamiliki bila Isukuti. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, huenda pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma, kiongozi akianzisha wimbo na wachezaji wakimwitikia. Mtoto anapozaliwa, arusi inapofungwa au mzee anapozikwa, wapigaji huitwa. Ujuzi wao hurithishwa katika familia, kizazi hadi kizazi.

Huko Punjab, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya India na Pakistan, nako kulikuwa na koo za namna hiyo zilizoitwa Mirasi. Kazi yao ilikuwa kupiga ala, kuimba sifa na kuhifadhi kumbukumbu za nasaba za familia kubwa. Walihitajiwa na wengi, lakini waliowaheshimu walikuwa wachache. Walihesabiwa watu wa tabaka la chini, waliotegemea bakshishi za wenye mali. Ni katika ukoo wa aina hiyo alimotoka Mardana, mtu anayetajwa kuwa mwanamuziki wa kwanza wa dini ya Sikh, ingawa alizaliwa Mwislamu.

Mardana alizaliwa mwaka 1459 katika kijiji cha Talwandi, ambacho leo ni mji wa Nankana Sahib nchini Pakistan. Baba yake aliitwa Badra na mama yake Lakho. Simulizi za Masingasinga zinaeleza kwamba ndugu zake waliomtangulia walifariki wangali wachanga, na mama yake, aliyekwisha kukata tamaa, akampa jina la kuashiria kwamba naye angekufa. Alipokua, rafiki yake aliligeuza jina hilo kidogo tu, likawa na maana ya mtu shujaa.

Rafiki huyo alikuwa Nanak, aliyezaliwa kijijini humo mwaka 1469, miaka kumi baada ya Mardana. Nanak alikuwa mtoto wa familia ya Kihindu yenye hadhi, na baba yake alikuwa karani wa hesabu za ardhi. Kwa desturi za wakati ule, mtoto wa nyumba kama hiyo angeweza kumwita Mirasi ampigie wimbo, kisha akamlipa na kumruhusu aende zake. Kuketi naye kama ndugu lilikuwa jambo jingine kabisa.

Nanak alipokwenda kufanya kazi katika ghala la mtawala wa Sultanpur, Mardana alimfuata. Huko ndiko walikoanza kuimba pamoja usiku na alfajiri. Inasimuliwa kwamba Nanaki, dada yake Nanak, ndiye aliyetoa fedha za kumnunulia Mardana rababu mpya, na kwamba ilitengenezwa na fundi aliyeitwa Firanda. Rababu ni ala ya nyuzi yenye mwili wa mti uliochongwa na kuwambwa ngozi, na sauti yake ni nzito na ya chini.

Kazi iliyomkabili Mardana haikuwa nyepesi. Nyimbo za Nanak zilifungamana na raga, yaani mipangilio ya sauti ambayo ndiyo msingi wa muziki wa jadi wa India. Kila raga ina ngazi zake za sauti, na nyingi zina saa zake za siku na hali ya moyo zinayoiamsha. Raga ya alfajiri haipigwi ovyo usiku. Mpigaji alipaswa kuzijua kanuni hizo zote bila kitabu, kisha aitumikie sauti ya mwimbaji bila kuifunika.

Nanak alipoamua kuacha kazi na kwenda kuhubiri kwamba Mungu ni mmoja na kwamba binadamu wote ni sawa mbele yake, Mardana aliiacha familia yake akaandamana naye. Mapokeo yanawapeleka mashariki hadi Bengal, kusini hadi Sri Lanka, kaskazini hadi milima ya Tibet, na magharibi hadi Makka na Baghdad. Wanahistoria hawakubaliani juu ya kila kituo cha safari hizo. Hata hivyo, Bhai Gurdas, mwandishi wa Kisingasinga aliyeishi katika karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17, anamtaja Mardana kuwa pamoja na Nanak huko Baghdad.

Jambo moja hujirudia katika simulizi za safari hizo: Mardana ni binadamu wa kawaida. Anaona njaa, anaona kiu, anachoka, anaikumbuka nyumba yake na kulalamika waziwazi. Nanak huonekana kama mtu aliyeyashinda mahitaji ya mwili, lakini wimbo wake hauanzi mpaka Mardana aishike rababu. Pengine ndiyo sababu wasikilizaji wa vizazi vingi wamempenda, kwa kuwa wamejiona ndani yake.

Katika mji wa Saidpur, wasafiri hao wawili walipokelewa na seremala fukara aliyeitwa Lalo. Tajiri mmoja wa mji huo alipoandaa karamu, Nanak alipendelea mkate mkavu wa seremala aliyeula kwa jasho lake. Mtu wa tabaka la juu akila katika nyumba ya fundi, akiwa na Mirasi wa Kiislamu ubavuni, alikuwa amevunja miiko mingi kwa siku moja.

Baadaye, Babur, mwanzilishi wa dola ya Mughal, aliuvamia mji huo. Mapokeo yanasema Nanak na Mardana walitiwa mbaroni pamoja na wakazi wengine na kulazimishwa kufanya kazi za mateka. Rababu iliyokuwa imepigwa katika amani sasa ilisindikiza nyimbo za kuomboleza waliouawa.

Miaka ya mwisho ya safari iliwafikisha Kartarpur, kando ya mto Ravi, ambako Nanak alianzisha makazi ya wafuasi wake. Watu walilima mchana, wakala pamoja bila kujali tabaka, na kuimba asubuhi na jioni. Mardana alifariki takriban mwaka 1534. Wako wanaosema alifia hapo, na wako wanaotaja mahali pengine njiani. Kwa mujibu wa mapokeo, alipoulizwa kama angependa kujengewa kaburi la fahari, alikataa. Mwanawe, Shahzada, akaishika kazi ya baba.

Mwaka 1604 kiongozi wa tano wa Masingasinga, Guru Arjan, alikusanya nyimbo hizo katika kitabu ambacho leo kinaitwa Guru Granth Sahib. Sehemu kubwa ya kitabu hicho imepangwa kwa kufuata raga, ambazo sasa ni 31. Ndani yake zimo beti chache zinazohusishwa na jina la Mardana.

Muhimu kuliko beti hizo ni desturi aliyoiacha. Kwa zaidi ya karne nne, wanamuziki wa Kiislamu walioitwa rababi, baadhi yao wakihesabiwa kuwa wa ukoo wake, waliendelea kuimba katika nyumba za ibada za Masingasinga, hata katika hekalu la dhahabu la Amritsar. Waliswali kwa dini yao na kuimba nyimbo za jirani zao, na kwa vizazi vingi ushirika huo uliendelea.

Mwaka 1947 Uingereza iliigawa India, na mpaka ukapita katikati ya Punjab. Masingasinga walikimbilia upande wa India na Waislamu upande wa Pakistan, katika mauaji yaliyoangamiza mamia ya maelfu ya watu. Marababi walijikuta Lahore na kwingineko, mbali na mahekalu waliyoyaimbia na wasikilizaji waliowajua. Walibaki na ujuzi usio na mahali pa kutumika. Wengine waligeukia kawali, wengine wakaacha muziki kabisa.

Masingasinga waliokuja Kenya tangu ujenzi wa reli ulioanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, wengi wao wakiwa maseremala, waashi na wahunzi kama yule Lalo wa Saidpur, walikuja na nyimbo hizo. Zimeimbwa Makindu, ambako hekalu lilijengwa mwaka 1926, na katika miji ya Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi. Lakini mahali pa rababu palikwisha kuchukuliwa na harmonia, kinanda kidogo cha mvukuto kilichotoka Ulaya.

Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka Isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, kwa kuwa wapigaji wengi walikuwa wazee na vijana waliopenda kurithi walikuwa wachache. Sanaa ya Mardana ilistahimili njaa, dharau na jela ya Babur. Iliwashinda warithi wake siku walipotenganishwa na watu waliokuwa wakiwasikiliza.